Altezza RS200, Impreza GC8 au E36? Gari moja ya uwanjani na ya kupeleka watoto shule

KonaZaKitengela:
Wadau hamjambo. Nina kama milioni moja na laki nne za Kenya na nataka gari ya spoti ya zamani, gia za mkono, inayokufanya uendeshe kweli na siyo kukaa tu ukisinzia kwa foleni. Shida ni kwamba mimi ni baba wa watoto wawili, mmoja miaka saba mwingine minne, kwa hivyo gari za siti mbili sahau, lazima nyuma pakalike na buti imeze mabegi ya shule na shopping ya wikendi. Jumamosi zingine nataka niende nayo uwanja wa mbio wa Whistling Morans huku Athi River nizungushe, sio kushindana na mtu, ni kujifurahisha na kujua gari inafanya nini ukiibana. Jumatatu gari hiyo hiyo iko Mombasa Road.

Gari mbili haiwezekani. Ploti yetu kila nyumba ina parking moja, na mama watoto ameshasema hataki kusikia mambo ya insurance mbili.

Nimechuja nikabaki na tatu: Altezza RS200, Impreza GC8 turbo, na BMW E36, 325 au 328. Lazima iwe imeshasajiliwa hapa, maana na sheria ya miaka minane huwezi tena kuagiza kitu ya umri huo kutoka Japan. Mama watoto anataka BMW sababu ya viti. Mimi roho iko kwa Subaru tangu nikiwa mdogo Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 na Impreza. Fundi wangu naye kila nikitaja Subaru anacheka halafu anabadilisha story. Nisaidieni, na tafadhali msiniambie ninunue Probox.

MzigoMwepesi:
Nunua Probox.

MzigoMwepesi:
Sawa sawa narudi na akili. Ungekuwa na parking ya pili ningekwambia Probox ya nyumbani na Starlet Glanza ya kuchezea, pesa inabaki. Ila kwa vile umeshafunga huo mlango, wacha wenye nazo waongee.

BoksaDamu:
Msee fundi wako anacheka kwa sababu amekula pesa za Subaru miaka yote na hajawahi kutana na ambayo mwenyewe aliitunza 😂

Wacha nikupe kitu hao wengine hawatakwambia. Nairobi iko juu, kama mita 1,700, Athi River ni chini kidogo lakini bado ni juu. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kila mita mia unazopanda, sasa piga hesabu, hiyo Altezza ya farasi 210 ukiifikisha huku imebaki na 175 hivi na hapo hatujaongelea umri. Turbo inavuta hewa yenyewe, na kama iko salama inarudisha sehemu kubwa ya hiyo hasara. Ndio maana hapa GC8 inaacha magari ambayo kwa karatasi wako sawa. Alafu kuna mvua. Ukipatwa na mvua ya Aprili hapo Athi River na magurudumu manne yote yanavuta utanikumbuka.

Ya familia tafuta GF8, ile ya wagon. Ni injini ile ile, ila nyuma paa limeendelea, stroller na mabegi vinaingia kwa urahisi. Watu wanaipita juu wakitafuta sedan ya buluu na rimu za dhahabu, wacha waendelee.

Shida zake pia nitasema nisije nikaitwa muuzaji. Giaboksi ya gia tano haipendi kuachiliwa klachi kwa fujo ukianza, ukifanya hivyo kila taa za barabarani utanunua nyingine. Injini imelala kwa hivyo kwa kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja, usiingie uwanjani na oili chini ya alama ya juu kabisa. Na usinunue ambayo mtu ameongeza busti, yaani presha ya turbo, na kompyuta ya kuokoteza. Hizi gari Japan walizipangia petroli yao ya oktani karibu mia, pampu zetu hazifiki hapo, sasa mtu anaongeza busti juu ya hiyo petroli halafu anashangaa pistoni imepasuka.

MdauWaGerezani:
Mkuu wa Kitengela habari. Mimi niko Dar, huku Altezza zimejaa barabarani na nimefungua za kutosha kwa hiyo nakuambia nilichokiona kwa macho.

Jambo la kwanza jua unanunua nini. Altezza ziko mbili, RS200 na AS200, na kwa nje ukisimama mita tatu huwezi kuzitofautisha, stika ya RS200 inauzwa bei ya soda. RS200 namba ya chesisi inaanza na SXE10, injini 3S-GE silinda nne, ya gia sita za mkono ndiyo yenye farasi 210. AS200 ni GXE10, injini 1G-FE silinda sita, farasi kama 160, ndiyo ile ile ya Mark II GX100. Siyo injini mbaya hata kidogo, inatembea miaka bila kelele, ila uwanjani utachoka nayo mapema. Usisikilize muuzaji, omba picha ya kibati cha chesisi, na ukifika fungua boneti hesabu koili, nne au sita, basi.

Hilo la mwinuko alilosema ndugu hapo juu ni kweli ila amesema nusu. 3S-GE ya gia za mkono ina kompresheni kubwa sana, huku baharini petroli ya kawaida inaisumbua, unasikia injini inagonga ukiikanyaga kwenye mlima. Huko kwenu hewa nyepesi inapunguza hiyo shida. Nguvu unapoteza kidogo lakini injini inapona.

Cha kukagua. Giaboksi yake ya gia sita ni ukoo mmoja na iliyowekwa kwenye Mazda MX-5 na Silvia S15, ni tamu mkononi lakini siyo ya kubamiza. Ikiwa bado ya baridi kabisa, toka ya tatu rudi ya pili, ukisikia inakwaruza shuka uage. Pandisha mbele kwa jeki shika tairi juu na chini utikise, bolijointi za chini za mbele zikiwa na mchezo zibadilishwe siku hiyo hiyo, kwa sababu ikichomoka gurudumu linalala na wewe uko kwenye mwendo. Uliza difu, baadhi ya RS200 zilitoka na Torsen, difu isiyoacha tairi moja lizunguke bure, na nyingine hazina. Inua nyuma magurudumu yote mawili, gia iwe nyutro, zungusha moja kwa mkono: lingine likizunguka upande ule ule unayo, likienda kinyume hauna. Uwanjani hiyo ndiyo tofauti ya kutoka kwenye kona ukiwa unasukumwa au tairi moja la ndani likizunguka bure na moshi.

Na ukikosa huko njoo Dar nikutafutie safi, huku za zamani bado zinaingia, unalipia tu ushuru wa ziada wa uchakavu.

BoksaDamu:
@MdauWaGerezani hiyo ya Dar haitamsaidia mkuu. Akiivusha Namanga na namba za T za Tanzania ni mgeni wa muda, siku anataka kusajili Kenya ile miaka minane inamkamata. Kuna watu wamebaki na gari nzuri kwa uwanja wa nyumba, imefunikwa turubai.

MdauWaGerezani:
Basi nimenyoosha mikono hapo. Mengine yote yanabaki.

BuruburuBimmer:
Naona hakuna anayemtetea mama watoto kwa hiyo nafanya mimi. E36 kwa kona ni mwalimu. Uzito umegawanywa vizuri mbele na nyuma, usukani unakwambia kila kitu, na ukikosea inakuonya kabla haijakutupa. Viti vya nyuma vya sedan ni vya mtu kabisa. Coupe usiguse, utakuwa unainama na mtoto wa miaka minne mkononi kila asubuhi ukitafuta buckle, mgongo utaisha kabla ya klachi.

Lakini brother, ukichukua E36 weka pesa ya maji. Namaanisha mfumo wote wa kupoza: redieta, tenki dogo la maji, water pump, themostati na nyumba yake, mabomba. Vitu hivi vina plastiki na vina umri wa mtu mwenye kitambulisho. Havikupi notisi, asubuhi iko sawa, saa tisa uko kando ya barabara na mvuke. Usibadilishe kimoja kimoja ukitegemea huruma, badilisha vyote kwa mkupuo halafu usahau. E36 ikichemka sana mara moja hedi inapinda na hapo hesabu inakuwa nyingine.

Kati ya 325 na 328 mimi nasema 325 ya injini ya M50. Blok yake ni ya chuma. 328 za mwanzo zina M52 yenye mipako ya Nikasil kwa silinda na hiyo kitu na salfa ya petroli havipatani, hata Ulaya iliwasumbua. Za mwisho walibadilisha. Kama unaenda kuona 328, pima kompresheni silinda zote sita kabla hujaongea bei, na ikiwa muuzaji anakataa ipimwe umeshapata jibu.

Spea? Grogan, pale wanapouza spea Nairobi, ziko, lakini BMW ya Grogan kuna original, kuna kopi nzuri, na kuna takataka ndani ya boksi la original. Jua fundi wako ananunua ipi.

KonaZaKitengela:
Asanteni sana, nimejifunza kwa jioni moja kuliko miezi ya YouTube. Swali, kuna mtu ananiambia niweke roll cage na bucket seats mapema ndio niwe serious. Na RX-8 je? Milango minne, siti nne, bei ya chini sana naona, mbona hamjaitaja?

MswahiliWaKent:
Ndugu, niko Uingereza, Brands Hatch iko karibu na ninapoishi na nina E36 ambayo siku za wiki inabeba watoto watatu, kwa hiyo hili naliishi.

Roll cage kwenye gari ya watoto HAPANA. Lile bomba limewekwa kwa ajili ya mtu aliyevaa helmeti na amefungwa mikanda minne asisogee. Mtoto amekaa kwa mkanda wa kawaida, hana helmeti, ikigongwa kichwa kinarushwa, na bomba la chuma liko pale kando yake likisubiri. Hata likivishwa sponji. Bucket seat nayo inakubana kiasi kwamba kumgeukia mtoto anayelia nyuma huwezi, na nyingi haziachi siti ilale mbele. Acha viti vya kiwandani na mikanda ya kiwandani. Kwa siku za wazi uwanjani, mtu asiyeshindana, helmeti nzuri na gari nzima vinatosha.

Pesa uliyotaka kununulia bomba ipeleke kwenye breki. Mtu mgeni uwanjani anadhani kitakachomwangusha ni nguvu, kumbe ni breki. Barabarani unafunga breki kisha zinapoa, uwanjani unafunga kila kona na hazipati nafasi. Breki fluidi inanyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, ikiwa nzee inachemka mapema, inatoa mapovu, na mapovu yanabonyea: unakanyaga pedali inaenda mpaka sakafuni. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza mwaga fluidi yote weka DOT 4 mpya, weka pedi zinazovumilia joto, na ukiwa pale zunguka raundi chache kali halafu moja ya polepole bila breki ndio uingie kando. Ukisimama usivute handbreki, pedi zinang'ang'ania diski zikiwa za moto, weka gia.

Matairi pia. Soma namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni, ikiwa 2316 maana yake ni wiki ya 23 mwaka 2016, tairi ni nzee, haijalishi vidoti vya mpira bado viko. Na iulize insurance yako kwa maandishi, comprehensive nyingi zinakataa kabisa kitu chochote kinachotokea uwanja wa mbio hata kama hukuwa unashindana.

RX-8 waachie. Ni gari tamu kona kuliko zote ulizotaja, nasema ukweli, ila injini ya rota inakula oili kwa makusudi, ilivyoundwa ndivyo, inahitaji kupimwa kompresheni kwa kifaa chake maalumu, na safari fupi za shuleni za kuwasha na kuzima ikiwa bado ya baridi ndizo inazochukia zaidi. Hiyo bei ya chini siyo zawadi.

Mzee160J:
Vijana nawasoma tu. Gari ya 1999 mnaiita ya zamani. Gari ya zamani ni Datsun 160J, milango minne, familia nzima inaenea, na Shekhar Mehta alishinda nayo Safari mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Hakuna kompyuta. Ikikataa kuwaka unafungua kabureta unapuliza unaendelea na safari.

BuruburuBimmer:
Mzee shikamoo. Na breki zake je?

Mzee160J:
Marahaba. Breki ni kupunguza mwendo mapema, mwanangu.

KilindiniGari:
Naongeza la Mombasa kwa sababu naona mkuu atavutwa na bei za huku. Gari iliyokaa pwani miaka ishirini usiiangalie juu, iangalie chini utafute kutu. Lala chali. Toa zulia la buti uone panapokaa spea, toa mpira wa mlango ubonyeze kingo ya chini kwa kidole gumba, pitisha mkono ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma. Rangi mpya inayong'aa upande mmoja tu ni dalili, gonga na kifundo cha kidole, ikilia dudu dudu badala ya bati basi hapo kuna fila tu. Subaru na BMW zote zinaliwa, Altezza kidogo afadhali ila siyo kinga. Wale wauzaji wa huku wengi ni watu wazuri lakini chumvi haina urafiki.

Na gari iliyoshushwa usinunue, na ikiwa imeshushwa uliza springi za kiwandani ziko wapi. Matuta ya shule yatakula ekzosti.

KonaZaKitengela:
Nimerudi. GC8 nimeiona moja, safi nje, mwenyewe aliiwasha kabla sijafika kwa hivyo sikuisikia ikiwaka baridi, na hakuwa na karatasi hata moja ya service, anasema fundi wake anakumbuka kila kitu kichwani. Nimeiacha. E36 nimepata sedan 325 ila mama watoto mwenyewe ndiye aliyegundua zulia la mbele limelowa maji upande wa abiria, na harufu tamu tamu, BuruburuBimmer nadhani unajua hiyo ni nini.

BuruburuBimmer:
Hita imetoboka, hiyo harufu ni kulanti. Siyo mwisho wa dunia lakini ina maana mfumo wote haujaguswa. Toa gharama yake kwa bei au pita. Na mama watoto mpe cheo cha fundi mkuu.

KonaZaKitengela:
😂 Ameshajipa. Sasa kuna Altezza mbili. Moja iko Ruaka, tangazo limeandikwa RS200 ORIGINAL kwa herufi kubwa, bei karibu yote niliyo nayo. Nikaomba picha ya kibati kama MdauWaGerezani alivyosema, jamaa akasumbua siku mbili, akatuma. Inaanza na GXE10.

MdauWaGerezani:
Hiyo ni AS200, mkuu. Huenda naye aliuziwa hivyo hivyo, usimgombeze. Mwambie tu kwa heshima kwamba chesisi inasema kingine na bei ifuate chesisi. Ikiwa ni gia za mkono na akishusha vya kutosha siyo gari ya kutupa, ya familia itakuwa tulivu na spea za 1G-FE ziko kila kona. Lakini usilipe bei ya RS200 kwa stika.

BoksaDamu:
AS200 kwa huu mwinuko uwanjani utapitwa na Vitz. Nasema kwa upendo.

MswahiliWaKent:
Kupitwa si hoja, anajifunza. Gari ya nguvu ndogo unaikanyaga mpaka mwisho na unajifunza kona. Ila akubaliane na bei.

KonaZaKitengela:
Jamaa wa Ruaka amekataa kushuka, anasema stika ni ya kiwandani, tumeachana vizuri. Ya pili iko Nakuru, picha ya kibati nimeshaipata, SXE10, nimefanya search NTSA, jina la logbook ndilo jina la muuzaji na hakuna deni la benki. Namba KAY, haijashushwa, ekzosti bado ya kiwandani, mwenyewe ni mwalimu, ana risiti za belti ya taiming na water pump. Bei inaniachia kama laki mbili na nusu, hiyo nimeipangia breki, matairi na bolijointi kama mlivyosema kabla sijaenda uwanjani. Torsen hajui kama anayo, hajawahi kusikia hilo neno. Watoto naenda nao wajaribu siti za nyuma, mkubwa amerefuka. Naondoka Jumamosi asubuhi na mapema na fundi. Kuna kitu nimesahau?

MdauWaGerezani:
Beba jeki yako mwenyewe na tochi. Na mpigie leo usiku umwambie asiiwashe kabisa mpaka ufike. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti.